Anamshukuru Mungu kwa jasho langu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 17 ya ndoa na watoto wanne. Tunaishi kwa shamba la ekari mbili na ng'ombe wawili wa maziwa. Mume wangu ni mzee wa kanisa, halewi, hanipigi. Kila jioni anaongoza sala na kumshukuru Mungu kwa mvua, kwa maziwa, kwa mavuno. Anayekamua alfajiri ni mimi, anayepalilia ni mimi, na sijawahi kusikia ahsante. Msimu huu viwavi wamekula karibu nusu ya mahindi. Bado alisimama kanisani kutoa shukrani, akatoa na sadaka pesa ya maziwa tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya mbegu. Nilipouliza, akasema nimekosa imani. Sasa kijana wetu wa kwanza, wa miaka 15, hafumbi macho tena wakati wa sala. Juzi aliniuliza, "Mama, kwani Mungu ndiye anayekamua?" Nilimgombeza, lakini moyoni nilikuwa najiuliza hilohilo. Je, nimepotea?*
*Mama wa Wanne*

Marahaba, mwanangu. Hujapotea. Umechoka, na mtu aliyechoka akisikia mwenzake anashukuru kwa sauti huona kama anasimangwa. Mumeo amechukua uchovu wako akauita ukosefu wa imani, nawe karibu umwamini.

Sala ya jioni si adui yako. Nyumba inayoishi kwa shamba ina sababu ya kushukuru ambayo wenye mshahara huisahau upesi: unaweza kulima kwa wakati, ukapanda kwa mistari, ukatia samadi, na mvua ikagoma. Kuna sehemu ya mavuno ambayo haikuletwa na mkono wa mtu yeyote, na baba anayeitaja mbele ya wanawe anawafundisha jambo jema. Mimi nina neno naye kuhusu sehemu ile nyingine. Ng'ombe hajikamui. Palizi ya kwanza ikichelewa, magugu hunyang'anya mahindi maji na rutuba yangali machanga, na mvua inayokuja baadaye hairudishi kilichopotea. Sehemu hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe analala chumba kimoja na mzee wa kanisa.

Kwa kuwa anapenda Maandiko, mfuate hukohuko. Mfungulie Methali 31. Sura hiyo husomewa wanawake kana kwamba ni orodha ya zamu (nimehudhuria harusi ambako bibi harusi anasomewa kazi zake zote huku bwana harusi akitikisa kichwa kwa kuridhika). Mwanamke yule huamka kungali usiku, huangalia shamba akalinunua, hupanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake. Wengi huishia hapo. Mstari wa 28 unasema wanawe wanamwita heri na mumewe anamsifu. Mstari wa mwisho, wa 31, unaagiza apewe mapato ya mikono yake na kazi zake zimsifu malangoni, na mstari wa 23 umekwisha kusema kwamba malangoni ndipo mumewe anapoketi na wazee. Ni hadharani kabisa. Anayeshukuru mbele ya kanisa zima bila kumtaja mkewe ameisoma sura hiyo nusu.

Mwonyeshe na Boazi, mkulima mwenzake, katika Ruthu 2. Anafika shambani, anawasalimu wavunaji kwa jina la Bwana, nao wanamjibu kwa baraka. Kisha anamwambia Ruthu kwamba amekwisha kusikia yote aliyomtendea mkwewe, na hapo ndipo anapomwombea thawabu kwa Mungu. Alitaja kazi ya mtu kwanza, akamwomba Mungu ailipe. Wasomaji wangu Waislamu nao wanayo hadithi ya Mtume kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu, kwa hiyo msidhani haya ni ya kanisani peke yake.

Kuhusu viwavi: nahisi alisimama na Habakuki 3, ile ya mtini usiochanua maua na zizi lisilo na ng'ombe. Ni maneno makubwa, na simcheki mtu anayeyasema baada ya hasara. Ila kitabu kile kina sura tatu. Katika ya kwanza nabii analalamika, anamuuliza Mungu atalia hadi lini bila kusikilizwa. Alipitia manung'uniko ndipo akafika kwenye shukrani. Nyumbani kwenu sura ya 3 inasomwa kila jioni na sura ya 1 imepigwa marufuku, na kijana wako ameligundua hilo kabla yenu.

Pesa ya mbegu ni habari nyingine, na hapa simung'unyi maneno. Hakukosea kutoa. Alikosea kutoa mali ya wawili kwa uamuzi wa mmoja. Katika 2 Wakorintho 9:7 Paulo anataka kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala kwa lazima. Wako haukuulizwa. Mistari mitatu mbele anamtaja Mungu kuwa ndiye ampaye mpanzi mbegu, na mpanzi akishapewa mbegu kazi yake ni kuipanda. Kuanzia sasa pesa ya maziwa ikiingia, muihesabu wote wawili na kuiandika kwenye daftari: chakula cha mifugo, dawa, mbegu, mahitaji ya watoto, na sadaka iwe na mstari wake humohumo. Kama mnashika fungu la kumi, liwe fungu mnalolijua wote, lisivimbe ghafla siku ya kutoa ushuhuda.

Usimwambie haya mara baada ya sala wala mbele ya watoto. Mwombe akamue yeye kwa wiki moja. Ng'ombe aliyezoea mkono mmoja anaweza kuzuia maziwa akishikwa na mgeni, kwa hiyo siku za mwanzo itabidi mkae zizini wote wawili, wewe ukimtuliza mnyama. Hapo mna faragha, na mikono yake ina kazi. Mwambie kwa kifupi: baba watoto, nashukuru pamoja nawe kila jioni, lakini nataka nisikie na kazi yangu ikitajwa. Kisha nyamaza. Wanaume wa aina ya mumeo, wasiolewa na wasiopiga, mara nyingi hudhani wema wao umekwisha kusema kila kitu.

Nabaki na kijana. Rudi kwake umwambie swali lake lilikuwa halali. Usimlazimishe kufumba macho. Akae tu kwenye duara. Na kabla ya sala kila mmoja ataje jambo moja ambalo mwingine wa nyumba hii amefanya leo, aliyekarabati boma, aliyechota maji, aliyembembeleza mdogo. Uanze wewe, umtaje baba yao. Najua utaguna: mimi tena? Ndiyo, kwa sababu wewe ndiye uliyeandika barua. Lakini wa pili awe kijana huyu. Umenihesabia kazi zako, hukunitajia hata moja ya kwake, na mtoto wa miaka 15 kwenye ekari mbili hakosi kazi. Huenda alipouliza nani anakamua, alikuwa anajiulizia na yeye mwenyewe.

Mumeo akilikataa daftari, usibishane naye wala usianze kuficha pesa, maana hapo mtakuwa wawili mnaofichana. Mwombe mwende pamoja kwa mchungaji wenu, na ukifika uulize jambo moja tu: kama kanisa linataka mbegu ya msimu ujao. Sidhani yupo mchungaji atakayethubutu kujibu ndiyo huku anakutazama.