Login inakubali, ombi linalofuata 401: anza na jibu la login

Mkuu, hali uliyoieleza (React yako ipo vercel.app, API, yaani seva inayotoa data, ipo kwingine, login inarudisha 200, yaani imekubali, halafu kila ombi linalofuata linapigwa 401, yaani hujatambulika, ila Postman, programu ya kujaribia API, inafanya kazi) nimeikuta sana kwenye kazi za wateja. Postman isikuzuge: CORS (ruhusa ya ukurasa kusoma majibu ya orijini nyingine) na SameSite (kikomo cha kuki kuvuka saiti) ni sheria za kivinjari, na Postman si kivinjari.

Wengi hukimbilia lile ombi lililokataliwa. Rudi nyuma kwenye login. Fungua DevTools, Network, bofya ombi la login, tazama mstari wa Set-Cookie kwenye Headers; ndio unaokipa kivinjari kuki, alama ya kukumbuka kwamba umeingia. Ukiona pembetatu ya njano, kuki ilitupwa palepale. Weka kishale juu yake, Chrome itakutajia sababu. Mara nyingi ni SameSite. Tangu Chrome 80, Februari 2020, kuki isiyoitaja huhesabiwa Lax, na fetch ya kutoka saiti nyingine haiibebi. Ili ivuke, andika SameSite=None; Secure, na uwe na HTTPS.

Hakuna pembetatu? Basi credentials: "include" (inayoruhusu kuki) iwepo kwenye fetch ya login pia, la sivyo kivinjari kinapuuza Set-Cookie. Seva nayo irudishe Access-Control-Allow-Credentials: true na orijini kamili ya React yako (itifaki, jina na bandari) kwenye Access-Control-Allow-Origin. Nyota (*) haikubaliki hapo. Na tafadhali usirudishe orijini yoyote inayogonga hodi, kama mafunzo mengi ya mtandaoni yanavyoonyesha. Linganisha na orodha yako, kisha ongeza Vary: Origin ili cache isitoe jibu la orijini moja kwa nyingine.

Kwa nini kwenye mashine yako ilikubali? localhost:3000 na localhost:5000 ni orijini mbili lakini saiti moja, kwa sababu bandari haihesabiwi kwenye saiti. Na kuhamishia API vercel.app hakutakusaidia: vercel.app ipo kwenye Public Suffix List (orodha ya miishio ambayo watu tofauti husajili majina chini yake), sawa na co.tz, hivyo kila jina chini yake ni saiti inayojitegemea.

Mimi nisingehangaika na None kabisa. Safari inazuia kuki za saiti nyingine tangu 2020 hata ukiandika kila kitu sawasawa, kwa hiyo watu wa iPhone watakulalamikia tu. Nunua domeni: www.domeniyako.co.tz iwe ya React, api.domeniyako.co.tz iwe ya API. Hapo Lax inatosha. CORS bado utaihitaji, maana orijini ni mbili. HttpOnly (inayozuia JavaScript kusoma kuki) na Secure usiziondoe.

Ikigoma, weka hapa picha ya huo mstari wa Set-Cookie, ila futa kwanza namba ya sesheni.