Boda baada ya operesheni ya mgongo

Kaka umeuliza kama unaweza kurudi kuendesha boda wiki 2 baada ya operesheni ya mgongo. Hapana, wiki 2 ni mapema mno. Kama walikutolea kipande cha diski tu (ule mto laini ulio kati ya mifupa ya mgongo) hesabu kama wiki 6 mpaka 12 ndo upande pikipiki, ila kama wamekufunga vyuma na skrubu hapo ni miezi 3 hadi 6, saa nyingine zaidi, maana mfupa lazima uungane kwanza na daktari auone kwenye eksrei. Mimi ni boda wa Mikindani, Mtwara, nilitolewa diski, nikarudi wiki ya 10 na nilianza na lami ya kwenda mjini tu, vumbi la huko Newala nililiacha miezi kibao. Watu wanaogopa mashimo wanasahau kuipandisha pikipiki stendi ya kati, pale ndo mgongo unapokamuliwa, tumia ya pembeni. Na gunia la korosho usibebe kabisa msimu huu hata wakikuongezea hela. Ukiona mguu unakufa ganzi au unalegea, au mkojo unagoma au unatoka wenyewe, usisubiri kesho, wahi hospitali usiku huohuo. Tarehe yenyewe akupe aliyekupasua.