Barua kwa mwanangu: nenda Kibosho mwezi wa nne, sio Desemba

Marahaba mwanangu. Mesej yako nimeiona, unauliza eti mama hii hamu ya kijijini huwa inaishaga, na kama uache kazi hapo Dodoma urudi kwetu Kibosho, Kilimanjaro. Nimeona nikuandikie maana kwenye simu tutakatizana.

Haiishi. Mimi nimekuja Dar kwa kuolewa na mpaka leo mvua ikinyesha usiku hapa Kimara naikumbuka ile sauti ya migomba ya nyumbani, majani yanavyopokea maji. Lakini kinachoniuma zaidi ni kazi. Nikiwa binti zamu yetu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, ilikuwa inaangukia alfajiri, naenda na jembe nafungua pale yanapoingilia shambani nayaelekeza shina kwa shina, maji ya mlimani yale yanakata miguu kwa baridi, na ukizubaa jirani anafunga anageuzia kwake na ni haki yake. Shina la mgomba unaacha mama, mtoto na mjukuu, machipukizi mengine unang'oa, mgomba uliokwisha kuzaa unaukatakata anapewa ng'ombe, samadi yake inarudi hapo hapo shinani. Yaani kila ukiamka unajua leo kihamba, shamba la nyumbani, kinataka nini kwako. Huku mjini hata ndizi za mchare nanunua sokoni, na hakuna udongo unaoningoja.

Sasa we mwanangu, nikusome vizuri, unachokililia ni kijiji cha Desemba. Ndugu wote wamepanda mabasi wamefika, mbuzi, machalari ya ndizi na nyama, pombe ya mbege, watoto wanakimbizana chini ya migomba mpaka giza. Hiyo ni raha ya kweli na sikunyimi, ila ikifika Januari nenda kaangalie, majumba mazuri yote kufuli, wamebaki wazee na vijana wa kukata majani ya ng'ombe. Bibi yako aliishi hivyo miaka mingi na mimi iliniumiza sana.

Kwa hiyo usiandike barua ya kuacha kazi. Omba likizo mwezi wa nne, masika yenyewe. Ukungu, matope ya kuteleza, nguo hazikauki, ng'ombe anataka majani mvua inyeshe isinyeshe. Kaa na baba yako mdogo mfanye naye kila kitu, palizi, kupunguzia mibuni matawi, kukamua. Ukimaliza hizo siku bado unatamani kuamka pale, hapo nitajua ni hamu ya nyumbani kweli na sio uchovu wa ofisi, afu tutakaa na baba yako tuongee vizuri, maana kihamba chetu ni kidogo, kahawa yenyewe imezeeka, ndizi na maziwa vitakulisha lakini ada ya watoto havitalipa, lazima uende na mpango wa pembeni, labda miche mipya ya kahawa au ng'ombe wa pili, na mibuni mipya nayo inakuweka miaka kadhaa kabla hujavuna cha maana.

Na ukiona umechoka siku ya tatu pia niambie, sitakuona umekataa kwenu.

Baba yako mdogo nimeshampigia, chumba cha bibi kiko wazi. Amesema uje na gambuti na sweta zito, za pale hazikutoshi. Likizo ikikubaliwa nitumie tarehe.

Mama yako