Kitako cha nyanya hakijui kusema "nzuri"

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: ni maongezi gani madogo ya kila siku usiyokubali kuyakosa, na unapata nini humo? Jibu langu ni maongezi ya kwenye uzio, asubuhi kabla jua halijawa kali. Tuko watu watano, vibustani vyetu vinapakana, na kila mmoja hutoka na ndoo au mpira wake wa maji. Hatuna ratiba wala mwenyekiti. Ni dakika kumi, zikizidi sana ishirini, kisha kila mtu anashika njia yake.

Nianze na salamu. Sisi tunaosema Kiswahili tumelelewa kujibu "nzuri". Habari za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Wazima. Hata "hujambo" ni kuulizwa kama huna jambo, nawe unajibu sijambo hata kama hukufumba jicho usiku kucha. Tunajua kusema "nzuri, ila homa kidogo" na mtu hata kusimama hawezi. Silaumu, ni adabu, na mimi mwenyewe siiachi. Lakini hebu mwulize mwenye bustani, "Habari za nyanya?" Hapo husikii nzuri hata siku moja. Utasikia inzi weupe wamevamia, miche kitaluni imelala kwa kinyausi (ule ugonjwa wa kuoza shina karibu na udongo), kuku wamefukua mbegu, na nani aliacha mpira wazi hadi asubuhi. Habari za mimea watu hawazifichi, na ukizisikiliza vizuri unazisikia na za ndani ya nyumba.

Msimu uliopita nyanya zangu zilikuwa zinapendeza ukiziangalia kwa juu. Ukizigeuza, kitakoni kuna doa jeusi lililobonyea, kavu, gumu kama soli ya kiatu cha zamani. Nikajua ni ugonjwa, nikawa natafuta dawa ya kupulizia. Jirani yetu mmoja, ambaye tumempa jina la Mzee Matandazo kwa kuwa hakuna tatizo asilolitibu kwa kutandaza majani makavu, alichuma moja, akaipindua, akabonyeza lile doa kwa kidole gumba. Nilitegemea aniulize nimepulizia nini. Akaniuliza, "Mwanangu, maji unamwagilia vipi?"

Nikataka kusema "kila asubuhi", maneno yakanikwama. Ukweli ni kwamba nilikuwa namwaga ndoo nne kwa mpigo, kisha napitisha siku tatu au nne bila hata kuchungulia, mpaka majani yanalegea ndipo nakurupuka. Mzee akanieleza taratibu. Huo si ugonjwa wa kuambukiza. Mara nyingi kalsiamu ipo udongoni ya kutosha, ila husafiri na maji. Leo mafuriko, kesho ukame, tunda linalokua kwa kasi halipati fungu lake, na kitako, kwa kuwa ndicho kilicho mbali na kikonyo, ndicho hukosa kwanza. Zilizokwisha kuoza hazitapona, nizitoe. Nimwagilie kwa kiasi, bila kuruka siku ovyo, na (mlishajua) nitandaze majani ili unyevu usipotee.

Halafu akainama akawa anang'oa magugu ambayo hayakuwepo. Bila kunitazama akasema, "Na huko ndani kuna nini?"

Mama yangu alikuwa kwangu, mgonjwa, mwezi wa pili huo. Usiku nakesha naye, mchana nahangaika naye. Sikuwa nimemwambia mtu, si kwa siri, ila kila aliyeniuliza habari nilimjibu kwa ile nzuri yetu. Siku hiyo niliyasema yote nimesimama na nyanya mbovu mkononi. Kesho yake nilipotoka nikakuta mstari wangu umeshamwagiliwa. Na keshokutwa. Walikuwa wanapokezana, na ilichukua wiki tatu kabla sijawakamata ni akina nani.

Nisiwapake mafuta, lakini. Ushauri wa uzioni haupimwi kabla ya kutolewa. Niliwahi kuambiwa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, wanakufa kwa maji ya sabuni, na kweli wanakufa, ila aliyeniambia alisahau kusema sabuni iwe kidogo na jua liwe limepoa. Nikakoroga povu zito, nikapulizia saa sita mchana. Vidukari walikufa, na majani ya pilipili nayo yakaungua kingo zote. Na kuna ubishi wa maganda ya mayai ambao hautaisha leo wala kesho. Dada wa mawaridi, jirani mwingine wa uzioni, anaapa kwamba ukiyaponda ukayafukia, kitako cha nyanya hakiozi. Mzee anamwambia maganda huchukua muda mrefu mno kuoza, "hiyo kalsiamu utaila wewe na wajukuu zako". Mimi niko upande wa Mzee, ila maganda yangu nayatupia kwenye mboji ili nisimuudhi dada.

Wapo wanaoita maongezi haya umbea. Kuna siku ni umbea kweli, nisidanganye. Ila mtu anayekiangalia kibustani chako kila asubuhi huona vitu ambavyo hata ndugu zako hawavioni. Jirani wa kona ana mirehani kwenye makopo sita juu ya ukuta. Mrehani ukiuacha utoe maua, majani hupungua na shina hukomaa kama kijiti, kwa hiyo yeye kila asubuhi hupita akivunja ncha kwa kucha, kopo hadi kopo, mikono inanukia mpaka kwetu. Wiki moja tukaona maua meupe yamesimama kwenye kopo la kwanza. Siku ya pili, kwenye matatu. Dada wa mawaridi akasema, "Huyu si mtu wa kuacha maua." Tukaenda kubisha hodi.

Hakuwa mgonjwa. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amehama kwenda kujitegemea, nyumba imebaki na yeye na redio. Akatuambia, kana kwamba ndiyo hoja yenyewe, "Sasa hayo majani yote ya nani?" Hatukuwa na jibu la maana. Mzee akamwomba vipande vya kuotesha, kwa sababu mrehani ukiukata ncha ukauweka kwenye glasi ya maji hutoa mizizi kwa siku chache tu. Akakata vinane, kisha akaendelea kukata. Sasa sote tuna mirehani, na kila asubuhi anaikagua akiwa kwake kule konani, akipaza sauti: "Wewe wa kati, hilo ua nimeliona!"

Mnauliza napata nini. Nikiangalia mwaka huu, nimepata nyanya zenye vitako safi, mirehani ambayo sikuipanda kwa hiari, na watu wanne ambao siwezi kuwadanganya kuhusu hali yangu, maana bustani yangu iko mbele ya macho yao.

Niwaachie hapo, kwa kuwa ni asubuhi na naitwa. Maboga yangu yamekuwa yakitoa vitunda ambavyo hunyauka na kudondoka vikiwa na ukubwa wa kidole, na jana nimeambiwa nyuki ni wachache, kazi yao niifanye mwenyewe. Unachuma ua dume, lile lenye kikonyo kirefu chembamba, unalivua petali zote, kisha unapaka chavua yake katikati ya ua jike, lile lenye kiboga kidogo chini yake. Yote yafanyike mapema, kabla ya mchana maua hayajajifunga. Wenzangu wamesimama uzioni wananiita mshenga, wanataka kujua mahari ni kiasi gani. Ua jike moja limeshafunguka.