Utafiti wa kweli haumtozi mgonjwa

SWALI: Daktari, mume wangu ana miaka 52, ni mwalimu wa sekondari. Alianza kupotea njia na kushindwa kujumlisha alama za wanafunzi. Baada ya vipimo vya damu na picha ya ubongo ya MRI tumeambiwa ni Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, na kwamba kwake umeanza mapema. Sasa kuna bwana ametupata kupitia WhatsApp, anasema anaandikisha wagonjwa wenye umri mdogo kwenye utafiti wa dawa mpya kutoka nje, na kwamba dawa hiyo itamrudisha darasani. Anataka shilingi milioni tatu za kuandikishwa, na ametuambia tuache vidonge vya hospitali visije vikaingiliana na dawa yake. Nimeshapata mteja wa kiwanja. Nifanye nini? – Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU: Dada yangu, pole sana. Kiwanja usiuze, hela usitume, na vidonge vya mwalimu asiviache mpaka daktari aliyemwandikia aseme hivyo.

Vipimo mmeshafanya, kwa hiyo sitarudi huko. Nitakaa kwenye neno hilo utafiti, kwa sababu kila wiki napokea familia inayoliona kama mlango wa nyuma wa kupata tiba kabla ya watu wengine. Dhana hiyo ndiyo mtaji wa matapeli, na inanikera kuliko uongo wao wenyewe, kwa kuwa hata watu waliosoma wanayo.

Dawa hujaribiwa kwa sababu hakuna anayejua kama inafaa. Wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu, wengine wapewe dawa yenyewe, wengine kidonge au sindano isiyo na dawa ndani, na mara nyingi hata daktari anayewahudumia hajui nani kapata ipi. Na dawa inaweza kudhuru. Mwaka 2010 majaribio makubwa ya dawa ya Alzheimer iitwayo semagacestat yalisimamishwa kwa kuwa waliokuwa wakiimeza walizidi kudhoofika kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Huko Antioquia, Colombia, kuna ukoo mkubwa ambao watu wake hupata Alzheimer wakiwa na miaka arobaini na kitu kwa sababu ya hitilafu katika jeni (chembe ya urithi) iitwayo PSEN1. Watu 252 wa ukoo huo waliingia kwenye majaribio ya dawa iitwayo crenezumab kwa miaka kadhaa, na mwaka 2022 matokeo yakaonyesha kwamba dawa haikuwazuilia ugonjwa. Wale ninawaheshimu mno. Walijitolea wakijua wazi kwamba huenda wasipate chochote, na damu na picha za ubongo walizotoa bado zinawafundisha wanasayansi.

Dawa mojawapo inayovuma siku hizi ni lecanemab, iliyopata kibali kamili Marekani mwaka 2023. Katika majaribio yake, kwa miezi 18, ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa takriban asilimia 27 kwa wagonjwa walio hatua za mwanzo. Hali yao iliendelea kushuka, ila polepole zaidi. Katika majaribio hayo ilidungwa kwenye mshipa kila baada ya wiki mbili, na lazima mgonjwa anayeitumia apigwe MRI mara kwa mara kwani ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Sasa niambie, huyo bwana wa WhatsApp MRI hizo atampigia wapi? Hakuna dawa popote duniani leo inayomrudisha mgonjwa wa Alzheimer alikokuwa.

Simwambii mwalimu asishiriki utafiti. Natamani washiriki wengi, maana kwa miaka mingi tafiti za demensia, yaani magonjwa ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kama Alzheimer, zilijaa wazee, na wenye miaka 45 au 55 wakaachwa pembeni. Marekani kuna utafiti uitwao LEADS unaofuatilia watu wa miaka 40 hadi 64. Hautoi dawa. Mshiriki hupimwa kumbukumbu, hupigwa picha za ubongo, hutolewa damu na maji ya uti wa mgongo, kisha hurudi tena baada ya muda. Tafiti nyingi ndivyo zilivyo, na faida yake kubwa itawafikia watakaougua baadaye. Mwalimu akiambiwa hivyo na bado akataka kushiriki, hiyo ndiyo ridhaa. Naye aulizwe mwenyewe, sasa, angali anaelewa, nawe ukiwa kando yake. Nimeona ndugu wakisaini fomu huku mgonjwa amekaa hapo hapo, hajaulizwa neno.

Kama watafiti watataka kupima jeni, ulizeni kabla ya kutoa damu: majibu tutapewa? Nani mwingine atayaona? Alzheimer ya kurithi moja kwa moja ipo kwenye familia chache, lakini ikiwepo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu, na watoto wako wana haki ya kutotaka kujua.

Hapa Tanzania utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili, na kibali cha kitaifa hutolewa kupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ukihusu majaribio ya dawa, lazima TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, nayo iidhinishe. Kenya, mtafiti anatakiwa awe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Kibali kina namba. Iombe, kisha ithibitishe kwa taasisi yenyewe, usipige simu uliyopewa na huyo huyo anayekuandikisha. Mtafiti wa kweli atakupa karatasi yenye maelezo ya hatari, ataruhusu uende nayo nyumbani, atakurudishia nauli, na mgonjwa akijitoa katikati hatapoteza matibabu yake ya kawaida. Anayedai ada ya kuandikishwa, anayeahidi kupona, anayekuharakisha, au anayesema usimwambie daktari wako, huyo hana utafiti wowote. Ndivyo walivyo pia wanaouza sindano za seli shina na maji ya mitishamba ya “kusafisha ubongo”. Wanabadilisha jina la bidhaa tu.

Jumbe zote alizokutumia usizifute. Zipeleke polisi pamoja na namba yake, na TMDA uwape taarifa ya dawa anayoitangaza. Kisha rudini kliniki mkamwambie daktari wenu kwamba mwalimu angependa kushiriki utafiti wenye kibali ukipatikana. Jina lake liandikwe kwenye faili.