Shule ikifunguliwa wakati wa maradhi: tafuta maji kwanza, kisha tafuta watoto

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Tanzania, shule zilifungwa. Kidato cha Sita na vyuo vikarudi tarehe 1 Juni. Sisi wa shule za msingi tulisubiri mpaka tarehe 16 Juni, Rais Magufuli alipotangaza bungeni kwamba shule zote zifunguliwe tarehe 29. Muda wa kujiandaa haukufika wiki mbili. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa afya katika shule moja ya msingi wilayani Newala, na maandalizi mengi yalipita mikononi mwangu. Tangu hapo tumesikia ugonjwa wa Marburg huko Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025, na kipindupindu bado kinatutembelea. Kwa hiyo nayaandika haya kwa walimu wenzangu, kamati za shule na wazazi wa kusini, maana siku ya kufunga na kufungua shule inaweza kutufikia tena. Nikiulizwa nianze na lipi, nasema maji, halafu kujua kila mtoto yuko wapi.

Maelekezo ya wakati ule yalikuwa maji tiririka na sabuni. Anayekaa Mikindani au Lindi mjini anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Juu ya uwanda wa Makonde, ilipo Newala yetu, si dogo hata kidogo. Mchanga wetu unakunywa mvua yote, mito hakuna, na tangu enzi za mabibi zetu wanawake wameteremka mabondeni na kupanda tena na maji kichwani. Leo tunategemea visima vya kuvunia maji ya mvua majumbani na bomba linalopandisha maji kutoka Mitema, bonde la Kitangari. Pampu ikisumbua, maji yananunuliwa kwa ndoo. Tena mvua zetu hukatika Aprili au Mei, kwa hiyo shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni, watu walikuwa wameshaanza kuyabana maji ya visima vyao.

Kwa hiyo kabla ya kununua barakoa au kubandika tangazo ukutani, kaa chini upige hesabu. Chukua shule yenye watoto 600. Kila mtoto anawe mara tatu: akifika, kabla ya uji, na akitoka chooni. Kwa kibuyu chirizi, nusu lita kwa mara moja inatosha. Hapo umeshafika lita 900 kwa siku, sawa na ndoo 45 za lita 20, na hujapika uji wala hujaosha vyoo. Simtanki la lita 5,000 linakwisha kabla siku ya sita haijaisha. Hesabu hii ipelekwe kwenye kikao cha kamati ya shule ikiwa imeandikwa, kwa sababu mwenyekiti wa kijiji akisikia "tunahitaji maji" atasema sawa, lakini akisikia ndoo 45 kila siku ya Mungu ataanza kuuliza zitatoka wapi. Swali hilo ndilo unalolitaka.

Kibuyu chirizi nakisifu kuliko ndoo yenye koki. Koki inashikwa na kila mkono mchafu, na watoto wa darasa la kwanza huiacha wazi. Kibuyu ni dumu la lita 5 lililotobolewa kwa msumari wa moto karibu na mdomo, likaning'inizwa kwenye mti uliolala juu ya nguzo mbili. Kamba inatoka kwenye shingo ya dumu mpaka kwenye kijiti cha kukanyagia chini. Mtoto anakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, hagusi kitu. Sabuni itobolewe, ifungwe kamba, iingizwe ndani ya kopo lililogeuzwa juu chini ili jua na mbuzi wasiipate. Chini weka kokoto, vinginevyo baada ya siku mbili mna dimbwi. Viwe vingi, na virefu kwa vifupi kwa sababu mtoto wa awali hafiki pale anapofika wa darasa la saba. Kando ya vyoo visikosekane kabisa.

Nani avijaze vibuyu hivyo maji? Hapa naomba tusikilizane vizuri. Njia rahisi ni kuwatuma wasichana wa darasa la sita na la saba, na shule nyingi hufanya hivyo bila kufikiri. Mtoto aliyekosa masomo miezi mitatu na zaidi hapaswi kukosa tena vipindi vya asubuhi kwa ajili ya ndoo. Sisi tuligawa kwa vitongoji: kila kitongoji na siku yake, na wazazi walileta maji kabla ya saa moja, kwa baiskeli, kwa bodaboda, kwa kichwa. Kila mtoto pia alikuja na chupa yake ya maji ya kunywa na kikombe chake cha uji, kwa sababu kikombe kimoja kupita midomo kumi ndicho tulichokuwa tunakikimbia.

Usiombe fedha mwezi wa sita kwenye kijiji cha korosho. Fedha ya korosho huanza kuonekana Oktoba minada ikianza, na Juni ndiyo kwanza mkulima anahangaika na salfa ya kupulizia mikorosho. Omba nguvu kazi, omba ndoo, omba miti na kamba. Kwa walioko upande wa Nachingwea, Ruangwa au Kilwa hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa Juni minada ya ufuta inakuwa imechangamka na mzazi anaweza kuchangia kipande cha sabuni bila kuumia.

Na ugonjwa ukiisha, msibomoe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Jengo la madarasa lenye bati la mita za mraba 200 likipata hata milimita 800 kwa mwaka, na robo hivi au chini yake ikipotea kwa kumwagika, shule inabaki na lita 120,000 hivi au zaidi. Kwa matumizi ya lita 900 kwa siku hizo ni siku zaidi ya 130, na mwaka wa shule una siku 194. Kinachokosekana ni mifereji kwenye bati na kisima kikubwa cha saruji chini, na kisima huchimbwa kiangazi ili mvua za Desemba zikikute tayari. Korona ilinifundisha kuipigania bajeti ya mifereji kuliko ya kupaka rangi.

Kuhusu kutakasa vyoo, vitasa na madawati nitasema kwa ufupi. Dawa ya klorini ya chupa, ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, kikombe kimoja changanya na vikombe sita vya maji. Changanyeni nje penye hewa, itumike siku hiyohiyo, isichanganywe na dawa nyingine ya usafi, na isitumike kunawisha watoto mikono. Sabuni ya kipande inatosha kwa mikono.

Nafasi kati ya mtoto na mtoto ndiyo iliyotuumiza vichwa. Kiwango ni watoto 45 kwa darasa, nasi wengi tunafundisha madarasa yaliyopita hapo mbali, dawati moja watoto watatu. Mita moja haipatikani kwa kuhamisha madawati. Kuliko kuandika kwenye ripoti kwamba imepatikana, fungueni madirisha yote na toeni nje masomo yanayoweza kutoka: hadithi, hesabu za kuhesabia vijiti, nyimbo. Chini ya mkorosho mkubwa darasa zima linaenea. Lakini angalieni mambo mawili ya huku kwetu. Juni na Julai kusi linavuma na asubuhi uwanda wetu una baridi kali, kwa hiyo waambieni wazazi mapema kwamba madirisha yatakuwa wazi, mtoto avae sweta au ajifunge kanga. La pili ni salfa. Wakulima huipulizia alfajiri wakati hewa imetulia, na vumbi lake likifika shuleni watoto wanakohoa na macho yanawasha. Mwaka ule kikohozi cha salfa kilitosha kuleta taharuki darasani. Ongeeni na wenye mashamba ya jirani wapulizie siku ambazo si za masomo, au mjue siku zao ili darasa lisikae upande upepo unakoelekea.

Mtoto anayekohoa asitolewe mbele ya wenzake. Mwalimu mmoja, aliyeteuliwa mapema, amwite pembeni, amkalishe penye kivuli na hewa, na mzazi apigiwe simu au afuatwe. Nimeona mtoto mwenye pumu akibandikwa jina la korona na wenzake kwa siku nyingi. Jina la namna hiyo linafukuza watoto shuleni kuliko ugonjwa wenyewe.

Wazazi nao hawakuwa na mawazo mamoja. Takwimu za wagonjwa zilikuwa zimeacha kutangazwa tangu Mei. Kuna waliosema ugonjwa umekwisha, kuna waliopiga nyungu asubuhi na jioni, kuna walioapa mtoto hatoki nyumbani mpaka mwakani. Mwalimu akisimama kikaoni kubishana kuhusu nyungu, kikao kimeharibika. Mimi nilisema tu: nyumbani kila mtu ana dawa zake, hapa shuleni tunanawa mikono, tunafungua madirisha, na mwenye homa anabaki nyumbani bila kuadhibiwa. Halafu nikawaonyesha vibuyu chirizi vikifanya kazi. Mama mmoja aliyekuja na nia ya kumkatalia mwanawe alikanyaga kijiti mwenyewe, akanawa, akauliza kamba inafungwaje. Wazazi waje waone kwa macho kabla ya siku ya kufungua.

Sasa nije kwa watoto, na hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi.

Shule ikifungwa miezi mitatu, watoto hawakai mahali ulipowaacha. Familia nyingi zinahamia shamba. Wavulana wanachimba ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa, na kuiuza stendi, na fedha ile ndogo ikishazoea mfuko, darasa linakuwa gumu. Pwani, kuanzia Kilwa mpaka Msimbati, wanaingia baharini na wajomba zao. Wasichana wanapelekwa kulea watoto wa dada mijini. Ukisubiri siku ya kufungua ndipo uite majina, utagundua pengo wakati limeshakuwa kubwa.

Anza wiki mbili kabla, au siku ileile tangazo linapotoka. Chukua daftari la mahudhurio, uligawe kwa vitongoji, si kwa madarasa. Kila mwalimu achukue kitongoji, aende na balozi wa nyumba kumi, nyumba kwa nyumba. Mbele ya kila jina aandike: yupo, yuko shamba gani, amehamia wapi, yuko kwa nani, simu ya nani inapatikana. Usitume barua. Nenda mwenyewe. Babu mmoja aliniambia, "Mwalimu, kama umekuja mwenyewe mpaka huku shamba, basi huyu mtoto ana thamani," akamwita mjukuu wake aliyekuwa juu ya dungu akilinda mazao na kumwamuru akafue sare.

Unyago na jando vinahitaji heshima. Ni mila zetu, na huchezwa watoto wakiwa likizo. Mwaka ule likizo haikuwa na mwisho unaojulikana, na ratiba za wazee zikagongana na za serikali. Nilikwenda kwa kungwi mmoja, nikampa shikamoo yake, nikakaa kwenye mkeka. Akaniambia mwali hatoki ndani mpaka mambo yake yaishe. Sikumtisha kwa mtendaji. Nilimweleza kwamba darasa la saba wana mtihani Oktoba, nikamwomba yeye mwenyewe apange siku. Alipanga siku ya karibu kuliko nilivyotarajia, na wasichana wake walikuja. Makungwi wakishirikishwa mapema wanakuwa watu wa kwanza kukuambia msichana gani anaozeshwa. Hilo la kuozesha halina mazungumzo. Ni kosa la jinai, anayemwoa mwanafunzi adhabu yake ni miaka 30 jela, na litoke kwenye mdomo wa mtendaji wa kata, mwalimu abaki kuwa mtu wa kukimbiliwa.

Watoto wakishafika, msikimbilie mada mpya. Darasa la kwanza wa 2020 walikaa shuleni wiki chache tu tangu Januari, kisha wakaondoka, na vipindi vya redio na televisheni haviingii kwenye nyumba isiyo na redio wala umeme. Siku za mwanzo pimeni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, mtoto mmoja mmoja, dakika chache tu: asome herufi, asome sentensi, ajumlishe. Kisha wapangeni kwa uwezo, hata kama wa darasa la tatu atakaa na wa la kwanza kwa saa moja kila asubuhi. Wapo watakaorudi wakiwa wamezika mtu. Mwalimu wa malezi apewe muda na chumba, hata kama ni stoo iliyofagiliwa.

Na wapo wasichana watakaorudi wakiwa wajawazito, au wasirudi kwa sababu hiyo. Mwaka 2020 nilikuwa sina la kuwaambia, maana utaratibu haukuwaruhusu kuendelea katika shule za serikali. Tarehe 24 Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, akiwa Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba mwanafunzi aliyeacha shule kwa sababu yoyote, ujauzito ukiwamo, anaruhusiwa kurudi baada ya kujifungua. Wazazi wengi vijijini bado hawajui. Kwa hiyo mnapopita nyumba kwa nyumba na lile daftari, msiishie kwenye majina ya mwaka huu. Fungueni na la mwaka jana na la juzi, muulize waliopotea, mwambieni mama au bibi yake kwamba nafasi ipo, na kubalianeni hapohapo nani atabaki na mtoto mchanga saa za masomo.