Kwa Shujaa Huenda Kilio: Maswali Yenu Kuhusu Sifa na Ushujaa

Barua za safari hii karibu zote zinagusa jambo moja: mtu kutoa maisha yake ili jina libaki. Nimechagua sita.

Methali inasema, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Je, wahenga walikuwa wakitufundisha woga?

Sidhani. Itazame vizuri methali hiyo. Haimsemi shujaa mwenyewe, inasema habari za nyumbani kwake. Kicheko na kilio vinakwenda mahali, na mahali penyewe ni kwa waliobaki. Shujaa amekwisha kufa, halii. Anayelia ni mama, ni mke, ni watoto. Nyimbo za vita hupenda kuiruka hesabu hiyo, na wahenga wakaona bora waiandike. Baada ya hapo chaguo ni lako, ila usiseme hukuambiwa bei.

Nimesoma kwamba Achilles alipewa nafasi ya kuchagua maisha marefu, akayakataa ili apate sifa. Hakujuta kamwe?

Alijuta, ndugu yangu, na mashairi yaleyale yaliyomtukuza ndiyo yanayotuambia.

Katika kitabu cha tisa cha Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki kuhusu vita vya kuuzingira mji wa Troy, Achilles amekaa kambini, vita kavisusa. Mkuu wa majeshi, Agamemnon, amempokonya Briseis, mateka aliyekuwa tuzo lake, mbele ya watu. Wajumbe wanakuja na ahadi ya zawadi chungu nzima. Anawajibu kwamba mama yake, Thetis, alimweleza njia mbili. Akibaki Troy kupigana, kwao harudi tena, lakini sifa yake haitakufa. Akirudi kwao, sifa itapotea, ila ataishi miaka mingi. Wengi hukomea hapo na kudhani papo hapo alichagua sifa. Sivyo! Siku hiyo anawaambia kwamba kesho anapakia merikebu zake aende zake. Ng'ombe na kondoo, asema, mtu huweza kuwateka, lakini roho ya mtu ikishavuka ua wa meno hairudi wala haitekwi.

Kinachomrudisha vitani si sifa wala zawadi. Ni kifo cha Patroclus, mwenzake wa chanda na pete. Anarudi kwa uchungu na kisasi, huku akijua kwamba akimuua Hector, shujaa wa Troy aliyemuua Patroclus, zamu yake mwenyewe imekaribia.

Kisha njoo katika Odyssey, utenzi unaofuata ule wa Iliad, kitabu cha kumi na moja. Odysseus, aliyepigana naye Troy, anamkuta kuzimu na kumpamba kwa maneno: ulipokuwa hai tulikuheshimu kama mungu, na huku nako unawatawala wafu, basi usisikitikie kifo. Achilles anamkata kauli. Afadhali awe kibarua wa mtu fukara asiye na shamba la maana, kuliko kuwa mfalme wa wafu wote.

Lakini hadithi haiishii hapo, na hapa ndipo mshairi ananishinda kila ninaporudia kusoma. Mara tu baada ya kusema hayo, Achilles anauliza habari za baba yake na za mwanawe. Anapoambiwa kwamba kijana alipigana kwa ushujaa mkubwa, anaondoka kwa hatua ndefu, moyo umejaa furaha. Yule aliyetamka dakika chache zilizopita kwamba sifa haina thamani kuzimu, anafurahi kwamba mwanawe ameifuata njia ileile. Sina jibu la kufunga jambo hilo. Nadhani ni ukweli wa mzazi, na nadhani ni wa kutisha.

Fumo Liyongo alifungwa, akatoroka, akauawa na mwanawe kwa sindano. Ufalme hakuupata. Kwa nini basi tunamwita shujaa?

Swali hili nimelipenda kuliko yote. Utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913 unamsifu Liyongo kwa urefu wa kimo na kwa nguvu zake. Mimi hayo hayanikai. Yanayonikaa ni mkate na kisima.

Mkate kwanza. Liyongo yumo gerezani Pate, kifo kimekwisha amriwa. Chakula chake huletwa na kijakazi, Saada, na walinzi hula kilicho kizuri. Liyongo anaimba, walinzi wanadhani ni shairi la mfungwa anayejiliwaza. Kumbe anampa Saada ujumbe: kamwambie mama aoke mkate, kati yake atie tupa. Mama anaelewa. Anaoka mikate mizuri, anaoka na mmoja wa wishwa, na tupa anaificha ndani ya huo wa wishwa. Walinzi wanaila ile mizuri, ule mbaya wanamwachia mfungwa kwa dharau. Ndipo Liyongo anapoomba apigiwe ngoma ya gungu kwa mara ya mwisho, na ngoma na matoazi yanapopamba moto, anakereza pingu bila mlio wa tupa kusikika.

Haya, niambie nani shujaa hapo. Nguvu zote za Liyongo zisingekata kitu bila mwanamke aliyewajua walinzi kiasi cha kubashiri watakachokila na watakachokitupa. Na Saada, aliyepita mbele yao na kile chombo cha chakula mkononi? Angeshikwa, hakuna ambaye angemtungia beti.

Sasa kisima. Mwanawe amehongwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme, naye anamchoma baba usingizini kwa sindano ya shaba, kitovuni, mahali pekee pa kumuua. Liyongo anaamka, anachukua upinde na mishale, anakwenda hadi kisimani, anapiga goti, anaweka mshale tayari, na roho inamtoka akiwa vivyo hivyo. Watu wa mji wanamwona kwa mbali. Hakuna anayethubutu kuteka maji. Siku zinapita, kiu inawabana, mwisho wanamwendea mama yake wamwombe akambembeleze. Mama anakwenda, anamwimbia mwanawe kwa upole ili hasira zimtoke, hajui kwamba anamwimbia maiti. Mpaka mwili unapoanguka.

Ushindi wa Liyongo sijui niupime kwa nini. Lakini mtunzi aliyeamua kwamba sura ya mwisho iwe ya mama anayeimba mbele ya mzoga wa sifa, huyo alijua kilio kinakwenda wapi.

Ni kweli kwamba Thermopylae walisimama Wasparta 300 tu dhidi ya jeshi la Uajemi?

Hapana. Thermopylae ni njia nyembamba huko Ugiriki, na mwaka 480 KK Wagiriki waliokwenda kuilinda walikuwa maelfu. Siku ya mwisho, Leonidas, mfalme wa Sparta, alipowaruhusu wengi waondoke, Wathespia 700, watu wa mji wa Thespiae, walikataa kuondoka, wakafa pamoja na Wasparta. Herodotus, mwanahistoria wa kale wa Kigiriki, anayasema hayo waziwazi. Mia saba! Zaidi ya mara mbili ya wale 300, na mji wao ulikuwa mdogo. Sparta ilikuwa na jina kubwa tayari, na jina kubwa huvuta hadithi upande wake.

Mtu akitenda uovu ili tu akumbukwe, si anafanikiwa? Tuwafanyeje watu wa namna hiyo?

Mwaka 356 KK mtu aitwaye Herostratus alichoma hekalu la Artemi kule Efeso, akakiri kwamba alitaka jina lake lienee ulimwenguni. Waefeso wakapiga marufuku jina hilo lisitajwe. Mwanahistoria Theopompus akaliandika hata hivyo, na ndiyo maana hata mimi nimeweza kulitaja hapa, jambo ambalo linaniuma. Ninachofanya mimi nikisimulia kisa hiki ni kumtaja pia Chersiphron, aliyeanza ujenzi wa hekalu lile, na mwanawe Metagenes aliyeuendeleza. Yajifunze majina hayo mawili, mwanangu. Kuchoma ni kazi ya usiku mmoja.

Naandika riwaya. Je, lazima shujaa wangu afe ili wasomaji wamkumbuke?

Si lazima, na nakusihi ujaribu njia iliyo ngumu zaidi: shujaa ambaye tendo lake ni kutotenda. Tarehe 26 Septemba 1983, afisa wa Kisovieti, Stanislav Petrov, alikuwa zamu katika kituo cha tahadhari karibu na Moscow. Mitambo ikaonyesha kombora limerushwa kutoka Marekani, kisha mengine manne. Petrov akafikiri: nani huanzisha vita kuu kwa makombora matano? Akawaarifu wakubwa kwamba mitambo imekosea. Ilikuwa imekosea kweli, setilaiti ilidanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu.

Nishani hakupewa. Alikaripiwa kwa kutojaza kitabu cha zamu usiku ule. Akajieleza kwamba mkono mmoja ulikuwa na simu, wa pili ulikuwa na kipaza sauti, na mkono wa tatu hakuwa nao. Anzia hapo kuandika.